Homa isiyo malaria, na moyo wa mtoto

Kibondo na Kasulu, mtoto akipata homa kila mtu huwaza malaria, na mara nyingi huwa kweli. Shida huanza pale kipimo cha haraka kinapoonyesha hakuna malaria, mtoto akarudishwa nyumbani na dawa ya kutuliza homa, na wiki inayofuata bado anaungua.

Wazee wa Buha wanaujua ugonjwa mwingine: malale. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa huku na kuwakusanya kwenye makazi maalumu, ili wawe mbali na mbung'o. Mapori bado yapo, Moyowosi likiwa mojawapo, na watu bado huingia kurina asali, kukata kuni na kuchunga.

Jina lenyewe limewaponza wengi, kwani wanasubiri mgonjwa asinzie. Usingizi huja baadaye, vimelea vikishafika kwenye ubongo. Malale ya Afrika Mashariki huenda mbio. Asiyetibiwa anaweza kufa ndani ya miezi michache, na moyo huweza kuguswa mapema.

Hutokea hivi. Vimelea vikizunguka kwenye damu, kinga ya mwili hupambana navyo, na msuli wa moyo huvimba kwa ndani. Seli zake nyingine hupasuka. Ndani ya seli hizo kuna vimeng'enya, kimojawapo kriatini kinasi, kinachoupa msuli nguvu ya haraka ya kukazana. Seli ikipasuka, kimeng'enya humwagika kwenye damu. Ndiyo sababu hospitali kubwa huchukua damu ya mkononi kujua hali ya moyo. Mgonjwa naye huhisi mapigo yakienda mbio, pumzi inakuwa fupi, na moyo ukizidiwa miguu huvimba.

Kipimo cha haraka cha malaria hakivioni vimelea hivi. Darubini huviona, kwenye tone la damu lililopakwa kwenye kioo. Kwa hiyo mzazi akisema tu, "Huyu alikuwa porini na baba yake, aling'atwa na mbung'o," anaweza kubadilisha kazi nzima ya maabara. Aonyeshe pia kivimbe chenye maumivu mahali alipong'atwa, kama kipo, na tezi za shingoni au kwapani zilizovimba. Chandarua hakisaidii sana hapa: mbung'o hung'ata mchana, na hupenda nguo za buluu na nyeusi.

Zamani, ugonjwa ukifika kwenye ubongo, dawa ilikuwa melarsoprol, sindano yenye aseniki iliyoua baadhi ya wagonjwa yenyewe. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa malale haya, kwa watoto wa kuanzia miaka 6 wenye kilo 20 au zaidi. Wadogo zaidi bado ni sindano. Vidonge humezwa mtoto akiwa amekula, siku 10 mfululizo, mhudumu wa afya akishuhudia.