Chardonnay ya pipa: Mvinyo wa kunywa taratibu, si kugandisha

CHARDONNAY iliyozeeshwa ndani ya pipa la mwaloni ni miongoni mwa mivinyo myeupe inayouzwa kwa bei ya juu. Hata hivyo, wanunuzi wengi hupoteza fedha zao kwa njia mbili: kuiacha chupa ipate joto, au kuipoza kupita kiasi hadi mvinyo usiwe na harufu yoyote.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi katika maeneo yenye joto kama mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Barabara ya lami ya takriban kilometa 66 huteremka kutoka Mbinga, mji wa kahawa ulioko kwenye baridi ya Umatengo, hadi Mbamba Bay, ambako ufuko uko takriban meta 475 tu juu ya usawa wa bahari. Chupa iliyoondoka Mbinga ikiwa salama inaweza kuharibikia ndani ya buti la gari lililoegeshwa juani.

Chardonnay ni zabibu yenye asili ya Burgundy, nchini Ufaransa. Haina harufu kali ya kuzaliwa nayo, hivyo ladha ya mvinyo wake hutegemea sana kazi ya mtengenezaji. Ni tofauti na mivinyo myeupe ya Dodoma, ambayo kwa kiasi kikubwa hutokana na zabibu ya Chenin Blanc.

Mkulima wa kahawa wa Mbinga hatashangazwa na siri ya pipa. Buni mbichi hainukii kama kahawa ya kikombeni. Harufu hiyo huletwa na moto. Mbao za mwaloni nazo huunguzwa kidogo upande wa ndani wa pipa, ambalo kwa kawaida huchukua lita 225 hivi. Mvinyo unapokaa humo kwa miezi kadhaa, huvuta harufu ya vanila, moshi na mkate uliobanikwa. Hewa kidogo inayopenya kwenye mbao huulainisha na kuupa rangi ya dhahabu. Kwa hiyo, rangi hiyo pekee si dalili kwamba mvinyo umeharibika.

Ladha ya siagi ina chanzo kingine. Bakteria hugeuza asidi kali, ya aina inayopatikana kwenye tofaa bichi, kuwa asidi laini kama ya maziwa ya mgando, na katika kazi hiyo hutoa harufu ya siagi.

Si kila chupa yenye ladha ya mbao imepitia pipani. Watengenezaji wengine hutumbukiza vipande vya mwaloni kwenye matangi ya chuma ili kupunguza gharama, jambo ambalo Umoja wa Ulaya uliliruhusu mwaka 2006. Mnunuzi anashauriwa kusoma lebo kwa makini kabla ya kulipa.

Mvinyo huu hunywewa ukiwa na nyuzi joto 10 hadi 13. Jokofu la nyumbani hufikia nyuzi 4 hivi, kwa hiyo chupa itolewe dakika 15 hadi 20 kabla ya kumimina. Glasi isijazwe, theluthi moja inatosha, ili harufu ipate nafasi. Ishikwe kwenye mguu wake, kwa kuwa kiganja hupasha mvinyo joto.

Mezani, mbasa wa Ziwa Nyasa aliyechomwa, au samaki aliyepikwa kwa nazi, huendana vyema na uzito wa mvinyo huu. Kuku wa kuchoma na korosho pia hufaa. Pilipili kali haifai, kwani kilevi huongeza mwasho mdomoni. Dagaa wakavu wenye chumvi na ndimu nyingi wanahitaji mvinyo mwepesi usiopitia pipani.

Harufu ya boksi lililolowa ni ishara ya kizibo kibovu. Kizibo kilichosukumwa juu, pamoja na harufu ya matunda yaliyopikwa, huashiria kwamba chupa iliunguzwa na joto. Chupa iliyofunguliwa ifunikwe na kuwekwa kwenye jokofu, ambako hudumu siku tatu hadi tano.

Pamoja na ulaini wake, mvinyo huu mara nyingi huwa na kilevi cha asilimia 13 hadi 14.5, karibu mara tatu ya bia ya kawaida. Mjamzito hapaswi kuunywa, na dereva anayetarajia kupanda milima kurudi Mbinga aiache glasi yake hadi atakapofika.