Miwani ya kike, ya kiume: nani kasema?

Kama u mzima, shukuru. Kama na macho yako ni mazima, shukuru mara mbili. Leo nina maneno na wavaa miwani wenzangu, pamoja na wale ambao wameambiwa wavae lakini wanazuga tu mtaani.

Ukiingia kwenye duka la miwani hapa Dar, mara nyingi utakuta fremu zimepangwa mafungu mawili kama vyoo vya stendi: wanaume huku, wanawake kule. Ukinyoosha mkono upande usio wako, muuzaji anakuwahi: "Kaka, hizo za kike!" Basi unarudisha mkono haraka kama umegusa pasi ya moto.

Hebu tuulizane, jamani. Namba za lenzi ulizoandikiwa baada ya kupimwa macho zina uke au uume? Hazina. Asiyeona mbali haoni mbali, awe Juma awe Asha.

Nina mshikaji wangu anaendesha Canter ya mizigo. Alipimwa, akaambiwa haoni mbali. Dukani alijaribu fremu moja ikamkaa bomba, lakini muuzaji akacheka, eti hiyo ya kina dada. Jamaa kwa aibu akachukua "ya kiume", pana kama kioo cha mbele cha gari lake. Kila akiinama inateleza mpaka ncha ya pua. Wiki mbili baadaye miwani ikahamia mfuko wa shati, naye akawa anaendesha usiku kwa kubahatisha. Nilipomuuliza akanijibu, "Nikivaa ile ya kike, masela kijiweni watanimaliza." Sasa wewe niambie, kipi kibaya zaidi: kuchekwa na masela au kumgonga mtoto wa mtu?

Na kina dada hawajasalimika. Kuna jirani yetu mmoja fundi cherehani, uso wake wa duara kama mwezi wa kumi na nne. Alivalishwa kifremu chembamba "cha kike" kikawa kinambana kwenye vipaji vya masikio, kila jioni kichwa kinamgonga. Fremu nyeusi nzito iliyomtosha aliambiwa itamfanya aonekane dume. Nana Mouskouri, mwanamuziki wa Ugiriki, amevaa fremu nyeusi nzito miaka nenda rudi na hakuna aliyemwita dume.

Historia yenyewe inawaumbua wenye vibandiko. Ile miwani ya Ray-Ban yenye umbo la tone la maji ilianzia kwa marubani wa Marekani katika miaka ya 1930. Leo ukipita mjini wamevaa kina dada kibao. Miwani ya duara ya waya aliivaa Mahatma Gandhi, akaivaa John Lennon, na wasichana wanaivaa vilevile. Wa kwanza kuvaa si mwenye mali.

Sasa kama si kibandiko, utachaguaje? Tazama ndani ya mkono wa fremu. Nyingi zimeandikwa namba tatu, kwa mfano 50, 20 na 140. Hizo ni milimita. Ya kwanza ni upana wa lenzi moja, ya pili ni nafasi ya puani kati ya lenzi mbili, na ya tatu ni urefu wa mkono unaokwenda sikioni. Ni kweli, fremu zinazoitwa za kiume kwa kawaida huwa kubwa kidogo. Lakini wapo wanaume wenye nyuso ndogo na wanawake wenye nyuso pana, kwa hiyo fuata namba, achana na jina la kabati.

Pili, pua. Fremu nyingi zimetengenezwa kwa pua iliyochongoka, na sisi wengi Mungu katujalia pua za kukaa chini. Ikikuteleza, tafuta yenye vipedi vya puani vinavyoweza kurekebishwa. Miwani ikishuka, hutazami tena kupitia mahali palipokusudiwa, na fedha yako imepotea bure.

Tatu, upana. Fremu isibane pembeni wala isitokeze nje ya uso kama masikio ya sungura. Mboni ya jicho ikae karibu na katikati ya lenzi. Na wewe usiyeona mbali mwenye namba kubwa, epuka fremu pana mno, maana lenzi yako huwa nene pembeni, na fremu ikizidi kuwa pana, unene nao unazidi.

Nne, ifanyie majaribio palepale dukani. Inama kama unafunga kamba za viatu. Tikisa kichwa. Cheka mpaka mashavu yapande. Ikianguka au ikinyanyuliwa na mashavu, irudishe kabatini, hata kama muuzaji anakusifia umetoka kama nyota wa sinema.

Yule mshikaji wa Canter nilimpeleka duka jingine. Akapata fremu ya 50, nafasi ya puani 20, imetulia usoni tuli. Kwenye kibandiko cha bei imeandikwa "Ladies". Akanitazama, nikamtazama. Akakibandua, akakitupa, akalipa. Kijiweni maswali yaliyomfika yalikuwa mawili tu: umenunua wapi, na shilingi ngapi?

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukipewa namba zako za macho, ingia dukani kifua mbele na ujaribu kabati zote. Muuzaji akikuambia hiyo si ya jinsia yako, mwambie pua ni yako, macho ni yako na hela ni yako. Haya, wiki ijayo tukijaaliwa tutakutana hapahapa. Ole wako niambiwe umesoma ukurasa huu kwa kukunja macho!