Kima Aliyeacha Moyo Mtini

Je, wajua kwamba kisa cha kima na papa kilikuwa kimekwisha kuzunguka sehemu kubwa ya Asia kabla hakijapigwa chapa kwa Kiswahili? Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, alikichapisha mwaka 1870 katika kitabu cha Swahili Tales, pamoja na hadithi nyingine alizosimuliwa na watu wa Unguja.

Kima anaishi juu ya mkuyu ulioinamia bahari. Kila siku anamrushia papa kuyu, hata urafiki unakolea. Siku moja papa anamkaribisha kwao na kumbeba mgongoni. Wakiwa katikati ya maji ndipo anapotoboa siri: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hapapatiki. Anamlaumu papa kwa kutosema mapema, kwani kina kima wakienda matembezi huacha mioyo yao mitini. Papa anageuza njia. Kima akishalishika tawi, biashara imekwisha.

Papa anabaki chini akiita, na hapa ndipo ninapompenda zaidi kima: hamtukani, bali anamsimulia kisa cha punda wa dobi. Simba mgonjwa alimtuma sungura amletee punda. Punda akaja, akaparuzwa, akakimbia. Akabembelezwa, akarudi tena, akauawa. Simba alipotaka moyo na masikio, havikuwapo. Sungura alikuwa amekwisha kuvila. Akajitetea kwamba punda yule hakuwa navyo tangu mwanzo. Angekuwa navyo, angerudi mara ya pili?

Visa hivi viwili, kimoja ndani ya kingine, vimepangwa hivyohivyo katika Panchatantra, kitabu cha Kisanskriti cha India. Huko rafiki msaliti ni mamba, na mti ni mzambarau. Karne ya 6 kitabu kiliingia Uajemi wakati wa mfalme Khosrow wa Kwanza, na karibu mwaka 750 Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu kwa jina la Kalila na Dimna. Mamba akawa kobe. Kwa pepo za kaskazi na kusi, majahazi yalikuwa yakienda na kurudi kati ya Unguja, Uarabuni na India kwa karne nyingi, na mabaharia hawakubeba tende na vitambaa tu.

Je, wajua kwamba huko Korea hadithi hii inasemekana kumtoa mtu gerezani? Mwaka 642, Kim Chunchu wa ufalme wa Silla alikwenda Goguryeo kuomba askari. Mfalme wa huko akadai kwanza arudishiwe ardhi, Kim akakataa, akafungwa. Ofisa mmoja, akiwa amekwisha kulainishwa kwa zawadi, akamsimulia jinsi kasa alivyomchukua sungura baharini ili ini lake limtibu binti wa mfalme wa bahari, naye sungura akadai kwamba ini ameliosha na kuliacha chini ya jiwe. Mfungwa alielewa. Akaahidi ardhi yote, akafunguliwa, na alipofika mpakani akawaambia waliomsindikiza kwamba hakuwa na mamlaka ya kuitoa. Miaka 12 baadaye alitawazwa mfalme wa Silla. Habari hii imo katika Samguk Sagi, kitabu cha historia kilichokamilika mwaka 1145.

Wajapani nao wana yao: aliyetoboa siri kwa nyani ni yavuyavu, yule kiumbe laini anayewawasha wavuvi. Alipigwa hadi mifupa ikamtoka, ndiyo maana hadi leo hana.

Kima si mjanja pekee wa hadithi. Je, wajua kwamba Anansi, buibui wa Waasante wa Ghana, alizinunua hadithi zote kutoka kwa Nyame, mungu wa mbinguni? Bei ilikuwa viumbe wa kutisha, akiwamo chatu. Anansi alikata mti mrefu, akajifanya anabishana na mkewe kama chatu anaufikia kwa urefu. Chatu, kwa majivuno yake, akajilaza kando ya mti apimwe, akafungwa kamba kuanzia mkiani hadi kichwani. Watu waliouzwa utumwani walifika na buibui huyu Jamaika, ambako bado anasimuliwa.

Na Abunuwasi? Yeye alikuwa mtu kweli: Abu Nuwas, mshairi aliyezaliwa Ahvaz, Uajemi, katikati ya karne ya 8, akaishi Baghdad enzi za Harun al-Rashid. Katika hadithi za watoto wa pwani ni mjanja wa kuwaumbua matajiri na masultani. Wasomi wa Kiarabu wanamkumbuka zaidi kwa mashairi ya kusifu mvinyo, jambo ambalo bibi zetu hawakuona haja ya kututajia. Shimo moja kwenye sayari ya Zebaki limepewa jina lake.