Kuruta wa Maabara: Siku za Kwanza za Mwanafunzi Katika Kituo cha Utafiti

Kila mwaka, masomo ya darasani yanapofikia mapumziko, wanafunzi wengi wa vyuo vikuu vya Uganda hutawanyika kwenda kufanya mafunzo ya kazi. Wengine huenda viwandani, wengine hospitalini, wengine mashambani, na wachache hubahatika kupokewa katika vituo vya utafiti. Miongoni mwao wamo watoto wa askari jeshi na polisi, waliokulia kambini na kusomeshwa kwa mshahara wa mzazi aliyevaa sare. Makala haya yanakusudia kumweleza mzazi huyo, pamoja na kila msomaji, mambo yanayomkuta kijana katika majuma yake ya kwanza mahali pa namna hiyo, na kwa nini kazi anayokabidhiwa, ambayo machoni huonekana duni, ni amana kubwa ya taifa.

Tuchukue mfano wa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, iliyoko Entebbe karibu na Ziwa Viktoria. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1936 na Wakfu wa Rockefeller wa Marekani kwa ajili ya kuchunguza homa ya manjano. Mwaka 1950 ikawa taasisi ya Afrika Mashariki yote, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 ikabaki mikononi mwa Uganda. Mwaka 1937 wataalamu wake walipata kirusi kipya katika damu ya mwanamke aliyekuwa na homa wilayani West Nile, na mpaka leo dunia nzima inakiita kirusi hicho kwa jina la wilaya hiyo.

MATARAJIO NA UKWELI

Kijana huwasili langoni akiwa na barua ya chuo mkononi na matumaini makubwa moyoni. Katika mawazo yake amekwisha kujiona ameinamia hadubini, akivumbua dawa ambayo wazee wa sayansi wameshindwa kuiona. Lakini siku ya kwanza hufundishwa mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Huambiwa vazi gani livaliwe wapi, na livuliwe wapi. Huonywa asile, asinywe wala asijiguse uso ndani ya maabara, na hufundishwa kunawa mikono kana kwamba hajapata kunawa tangu azaliwe. Baada ya hapo hupewa kazi ya kubandika vibandiko juu ya vichupa, kuosha vyombo, kuhesabu mbu waliokufa na kunakili tarakimu kutoka karatasi moja hadi nyingine.

Juma la pili halijaisha, aghalabu kijana huyo huanza kunung'unika. Huwapigia simu wazazi na kusema kwamba alikwenda kusoma sayansi, kumbe amefanywa mwosha vyombo. Tena mara nyingi halipwi mshahara, chumba cha kupanga ni cha gharama, na wenyeji wa kituo wana shughuli zao, hawana nafasi ya kumbembeleza.

Mzazi askari anaelewa jambo hili kuliko mzazi mwingine yeyote. Kuruta aliyepelekwa Kaweweta au Kabalye hakukabidhiwa risasi siku ya kwanza. Alifundishwa kutandika kitanda, kufagia uwanja, kusimama wima na kuitika jina lake. Baadaye akafundishwa kuifungua bunduki, kuisafisha na kuifunga tena, mara nyingi kabla hajaruhusiwa kufyatua hata mara moja. Wakati huo labda alidhani anaonewa, lakini alipofika mahali pa hatari ndipo alipotambua kwamba mkono wake ulikuwa umefundishwa kutenda sawasawa hata pale akili ilipojaa hofu. Maabara nayo hufundisha hivyo hivyo, kwa maana adui wake haonekani kwa macho, na hamsamehe mtu aliyesahau.

LINDO LA MSITUNI

Msomaji anaweza kuuliza: je, kuhesabu mbu kuna maana gani? Jibu liko katika historia ya Entebbe yenyewe. Katika miaka ya 1940, mtaalamu mmoja aliyeitwa Alexander Haddow pamoja na wenzake walitaka kujua mbu gani humuuma nani, mahali gani na saa ngapi. Waliweka watu kukaa juu ya majukwaa yaliyofungwa mitini, na baadaye juu ya mnara wa chuma wenye urefu wa futi 120 katika msitu mdogo wa Zika, kando ya njia iendayo Entebbe. Watu hao walipokezana zamu usiku na mchana, kwa saa 24 mfululizo. Kila mbu aliyetua juu ya ngozi alikamatwa, akatiwa chupani, na saa na kimo cha mahali alipokamatwa vikaandikwa.

Hilo lilikuwa lindo kamili, na kila askari aliyepata kukesha zamu ya usiku wa manane anajua uchovu wake. Lakini kutokana na tarakimu hizo zilizoandikwa saa baada ya saa, siri ilifunuka. Kule juu vileleni, mbu aitwaye Aedes africanus huuma hasa katika saa ya kwanza baada ya jua kuchwa, wakati ambapo kima wamekwisha kupanda juu kulala. Ndiye anayeeneza homa ya manjano miongoni mwa kima. Kima hao nao hushuka mchana kwenda kuiba ndizi migombani, ambako kuna mbu wa aina nyingine, azaliwaye katika maji yanayotuama kwenye makutano ya jani la mgomba na shina. Mbu huyo humuuma kima, kisha humuuma mkulima. Hivyo ndivyo ilivyofahamika jinsi ugonjwa wa msituni unavyofika nyumbani kwa mwananchi wa Bwamba. Laiti mmoja wa walinzi wale angalisinzia na kujaza saa za kubuni, njia hiyo isingalionekana.

KIMA NAMBA 766

Mfano wa pili ni mashuhuri zaidi. Mwaka 1947 watafiti hao waliweka kima kutoka Asia ndani ya vizimba juu ya miti ya msitu wa Zika, wawe kama askari wa doria: iwapo homa ya manjano ingepita, wao wangeugua kwanza. Kila siku mtu alipaswa kwenda kuwapima joto la mwili na kuliandika. Ilikuwa kazi ya kuchosha, isiyo na sifa, na siku nyingi joto lilikuwa lile lile. Mwezi Aprili mwaka huo joto la kima namba 766 likapanda. Damu yake ilichukuliwa na kupelekwa maabara, na humo hakikuonekana kirusi cha homa ya manjano, bali kirusi kipya, ambacho kilipewa jina la msitu ule. Mwezi Januari 1948 kirusi hicho hicho kilipatikana katika mbu wa msitu huo, na mwaka 1952 habari zake zikachapishwa.

Kwa muda mrefu walimwengu hawakujishughulisha nacho. Kisha mwaka 2015 kikaenea nchini Brazil, na watoto wakawa wanazaliwa wakiwa na vichwa vidogo kuliko kawaida. Tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura. Madaktari wa nchi za mbali walipotafuta chanzo cha habari za Zika, walirudishwa kwenye daftari la Entebbe la miaka 69 iliyopita, na kwenye joto la mwili wa kima mmoja. Aliyekwenda kumpima siku ile hakuweza kujua kwamba anaandika jambo la dunia. Alitimiza zamu yake tu.

KISHAWISHI CHA KALAMU

Hapa ndipo penye jaribio kubwa la mwanafunzi aliye mafunzoni. Siku moja atachelewa, au mvua itamzuia, au atasahau kusoma kipimo cha jokofu saa nane mchana. Jioni atakuta nafasi tupu katika daftari. Jana ilikuwa tarakimu fulani, juzi ilikuwa hiyo hiyo, na kalamu iko mkononi. Ni nani atakayejua?

Polisi anayetunza kitabu cha matukio kituoni anakifahamu kishawishi hicho. Anajua vilevile kwamba mstari mmoja wa uongo ukigunduliwa mahakamani, kitabu kizima hutiwa shaka, na mwenye hatia huenda akatoka huru. Anajua kwamba kielelezo kinachopelekwa kwa Mkemia wa Serikali pale Wandegeya bila kibandiko, au bila sahihi ya kila mkono uliokipokea, hakina nguvu tena hata kama ni cha kweli. Sampuli ya damu ni kielelezo cha namna hiyo hiyo. Ikikosewa jina, mgonjwa ataambiwa ni mzima na mzima ataambiwa ni mgonjwa. Kwa hiyo kijana na aache nafasi ile tupu, aandike pembeni sababu yake, atie sahihi, kisha amwarifu msimamizi. Atakemewa kwa uzembe, lakini hataondoka na doa la udanganyifu.

Wala hili si jambo la zamani tu. Tarehe 20 Septemba 2022 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa Ebola ya aina ya Sudan wilayani Mubende, baada ya maabara ya Entebbe kuthibitisha sampuli ya mgonjwa mmoja. Mwezi Oktoba wilaya za Mubende na Kassanda zikafungwa, na askari wakasimama barabarani kuzuia watu wasitoke wala kuingia. Mlipuko ulipotangazwa kwisha, tarehe 11 Januari 2023, watu 142 walikuwa wamethibitishwa kuugua, na 55 kati yao walikuwa wamefariki. Askari aliyesimama kizuizini usiku ule aliutegemea ukweli wa kibandiko kilichobandikwa juu ya kichupa kidogo. Kama kichupa kilikosewa, yeye alilinda mahali pasipo adui, na adui akapita kwingine.

NAMNA YA KUTULIA

Basi kijana afanye nini ili atulie upesi? Kwanza, awaheshimu mafundi wa maabara waliotumikia miaka mingi, hata kama shahada hawana. Hao ndio masajini wa mahali pale. Wanajua mashine ipi ina kiburi na kosa lipi huwapata wageni. Pili, awe na daftari lake mwenyewe, na kila jioni aandike alichofanya, alichoona na asichokielewa. Kesho yake aulize. Mwenye kuuliza juma la kwanza hachekwi. Anayechekwa ni yule anayeuliza siku ya kuaga. Tatu, akijichoma sindano au akimwaga kitu, aseme papo hapo bila kuona haya, kwa maana aibu ya dakika moja ni ndogo kuliko maradhi. Nne, atafute kujua kila tarakimu anayoinakili inakwenda wapi. Akiisha kuijua safari yake, hataidharau tena.

Mzazi naye ana sehemu yake. Asimwite nyumbani siku za kazi kwa ajili ya kila sherehe ya ukoo. Amsaidie nauli na chakula kadiri ya uwezo wake. Na kijana anapopiga simu kulalamika kwamba anaosha vyombo, asimwonee huruma kupita kiasi wala asimgombeze. Amsimulie jinsi yeye mwenyewe alivyofagia uwanja wa kwata asubuhi na mapema, na jambo alilokuja kulifahamu baadaye.

Taifa hulindwa mpakani kwa bunduki, na barabarani kwa sheria. Lakini kuna mpaka mwingine, usio na bendera wala nguzo, ambao hulindwa na vijana wenye makoti meupe wanaoandika ukweli katika daftari hata pale wasipotazamwa na mtu. Atakayejifunza hilo katika majuma yake machache ya mafunzo, atakuwa amepata elimu ambayo chuo chake hakikuweza kumpa darasani.