Mgeni amekuja kutafuta Kiswahili, usimpe Kiingereza

Msomaji, tuseme mwezi wa Mei mwalimu unayemfahamu anakuuliza kama una chumba kitupu. Kuna msichana wa miaka ishirini, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani, anayesoma Kiswahili. Anataka kukaa wiki nane na familia ya kawaida, ale mnachokula na aishi mnavyoishi. Gharama ya chakula chake italipwa. Je, utajibu nini?

Wengi wetu tutaanza kuwaza juu ya kitanda, choo, na kama mgeni huyo atakula ugali. Hayo ni mambo rahisi. Neti ya mbu hununuliwa, choo husafishwa, na ugali ukimshinda atapikiwa wali. Jambo gumu liko kwingine, na huwapata wageni wengi bila wenyeji wao kutambua. Mgeni anavuka bahari kuja kutafuta Kiswahili, nasi kwa ukarimu wetu tunampa Kiingereza tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha usiku.

Wanakuja wakati gani, na wanakwenda wapi?

Vyuo vikuu vingi vya Marekani hufunga mwezi wa Mei na kufunguliwa tena mwishoni mwa Agosti au mapema Septemba. Kwao huo ni msimu wa jua kali. Kwetu sisi ni msimu wa kusi huko Pwani, na Nairobi watu huvaa makoti. Mgeni aliyefungasha nguo nyepesi tu kwa kuwa anakuja Afrika atatetemeka akifika Limuru mwezi wa Julai. Mwambie mapema abebe sweta.

Kiswahili kimefundishwa kwa miaka mingi katika vyuo vikuu kama Wisconsin, Indiana, Yale na UCLA. Mwanafunzi husoma mwaka mmoja au miwili darasani, kisha hutafuta nafasi ya kuja kukisikia kikisemwa na wenyewe. Zanzibar ilianzisha Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, yaani TAKILUKI, mwaka 1978, na baadaye ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Huko Usa River karibu na Arusha, chuo cha MS-TCDC nacho kimewafundisha Kiswahili wageni wa mataifa mengi.

Bila shaka umeona kwamba mahali hapa pawili pako Tanzania. Wageni huja Kenya pia, Mombasa, Lamu na Nairobi, lakini walimu wao wanajua tofauti iliyopo. Mgeni akiuliza bei ya nyanya katika soko la Darajani, Unguja, atajibiwa kwa Kiswahili. Akiuliza hivyo hivyo katika duka la Nairobi, mara nyingi atajibiwa kwa Kiingereza, kwa nia njema kabisa. Mwenye duka anadhani amemrahisishia.

Wageni waliokuja zamani hawakurahisishiwa. Mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Hakukuwa na kitabu cha kumfundisha wala Mswahili wa kumjibu kwa Kijerumani. Ilimbidi aulize, akosee, asahihishwe na kuandika. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufariki kwake. Kazi ile kubwa ilitokana na watu wa Pwani waliokuwa tayari kumjibu kwa lugha yao.

Hesabu ya saa

Taasisi ya serikali ya Marekani inayowafundisha maafisa wa ubalozi lugha za kigeni imekadiria kwamba Mwingereza au Mmarekani anahitaji wiki 36 hivi, karibu saa 900 za darasani, ili aweze kufanya kazi kwa Kiswahili. Kiarabu na Kijapani huhitaji wiki 88. Kwa hivyo lugha yetu si ngumu sana kwao, lakini pia si lugha ya kuokota njiani.

Sasa tupige hesabu. Mwanafunzi akisoma saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki nane, atapata saa 160 za mwalimu. Akirudi nyumbani saa kumi jioni na kulala saa nne usiku, atakuwa amekaa nanyi saa sita kila siku. Kwa siku 56 hizo ni saa 336, mara mbili ya zile za darasani na zaidi, kabla hata ya kuhesabu Jumamosi na Jumapili mchana.

Hii ina maana kwamba mwalimu mkuu wa mgeni huyu ni wewe mama unayepika, wewe baba unayesikiliza habari, na watoto wanaogombania rimoti ya televisheni. Saa zenu zikienda kwa Kiingereza, atabaki na zile 160 tu. Saa kama hizo angeweza kuzipata kwao bila kulipa nauli ya ndege.

Ahadi ya nyumba

Chuo cha Middlebury katika jimbo la Vermont, Marekani, kilianza shule zake za lugha za msimu wa jua mwaka 1915. Huko mwanafunzi hutia sahihi ahadi kwamba hatasema lugha nyingine ila ile anayojifunza, hata wakati wa kula na kucheza. Familia yako yaweza kuiga jambo hilo bila karatasi wala sahihi. Siku ya kwanza baba au mama aseme mbele ya wote: katika nyumba hii tutazungumza Kiswahili, ila kukiwa na ugonjwa, hatari au mambo ya pesa yanayohitaji kueleweka vizuri.

Wiki ya kwanza itakuwa ndefu. Mgeni atataka kusema mambo ya mtu mzima kwa maneno ya mtoto wa miaka mitatu, na itamwumiza. Usimkimbilie kwa Kiingereza. Ngoja. Mpe nafasi azunguke mpaka afike. Akisema "ninapenda wewe", jibu kwa upole, "Nami nakupenda", naye atasikia namna linavyosemwa bila kuaibishwa. Akisema "nina moto", usicheke. Mwambie, "Unaona joto? Basi fungua dirisha."

Sifa nazo zina hatari. Tuna desturi ya kumsifu mgeni akitamka maneno mawili. "Lo! Unajua Kiswahili!" Kisha tunageukia Kiingereza, na mazungumzo ya Kiswahili yanakufa pale pale. Sifa nzuri kuliko zote ni kumwuliza swali la pili.

Usimfanye mgeni akae sebuleni kama bibi harusi. Mwite jikoni. Kama mko Pwani, mkalishe juu ya mbuzi akune nazi. Kwa asubuhi moja atajifunza kukuna, kukamua, kuchuja, kukoroga, kuonja na kuepua, na atajua kwa mikono yake tofauti ya tui la kwanza na tui la pili. Kama mko bara, achambue sukuma wiki na asonge ugali mpaka jasho limtoke. Neno alilolisikia huku mkono ukifanya kazi huwa halitoki kichwani upesi.

Mtume dukani pia, lakini kwanza mfundishe saa. Vitabu humweleza kwamba saa tatu asubuhi kwetu ni saa tisa kwao, lakini kujua na kuzoea ni mambo mawili. Mwambie mtaondoka saa tatu, kisha mwulize, "Jua litakuwa wapi?" Akielewa hilo, hataachwa na matatu.

Maneno yaliyobeba adabu

Yako maneno ambayo mwalimu huyaeleza kwa dakika tano, na nyumba huyafundisha kwa wiki nane. Chukua neno "pole". Mmarekani akijikwaa na wewe ukamwambia pole, huenda akakujibu kwamba si kosa lako. Kwa masikio yake umeomba msamaha. Itachukua muda ajue kwamba pole ni kuubeba mzigo wa mwenzako, na kwamba ukikosa ndipo husema samahani au niwie radhi.

Kadhalika kuna "nataka maji" na "naomba maji". Maji ni yale yale, lakini mbele ya mkubwa neno la kwanza ni ukosefu wa adabu. Kuna "karibu chakula", ambalo lina jibu lake hata kwa aliyeshiba. Kuna "shikamoo" na "marahaba". Kuna "nyanya", ambalo mgeni atalikuta kwenye mchuzi na pia kwenye kiti cha heshima, akiwa mama wa baba. Mgeni akiambiwa amwite mwenye nyumba Mama na mtoto mkubwa Dada au Kaka, amepewa mahali pa kukaa katika familia, si jina la kuitia tu.

Utamaduni hutembea pande zote mbili, msomaji. Mgeni akijifungia chumbani saa moja baada ya masomo, usiseme ana kiburi. Kusikiliza lugha ya kigeni mchana kutwa huchosha kichwa kama kulima. Mwache apumzike. Hata hivyo simu yake ni ya kuangaliwa. Zamani barua kutoka Marekani ilikuja baada ya siku nyingi, na mgeni hakuwa na budi ila kuzungumza na waliokuwa karibu naye. Siku hizi anaweza kulala Kisauni na kukesha na marafiki wa Chicago. Kubalianeni mapema kwamba wakati wa kula simu zote zinawekwa kando, zikiwamo za wenye nyumba.

Jambo jingine ni la aibu lakini lisemwe. Mgeni si benki wala si njia ya kupatia kijana wako visa. Fedha za chakula zikubaliwe na kuandikwa kabla hajafika, na baada ya hapo zisizungumzwe mezani.

Faida ya mwenyeji

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika jambo hili mwenyeji anaweza kupona kweli.

Msikilize mtoto wako akiwa Buru Buru au Nakuru. "Kitabu yangu imepotea." Kisha msikilize yule msichana aliyefundishwa ngeli katika jimbo la Wisconsin: "Kitabu changu kimepotea." Watoto watacheka mwanzoni, wakidhani ni mgeni aliyekosea. Siku ya tatu watanyamaza. Baada ya hapo watakuja na daftari zao za Kiswahili wakitaka msaada, naye atawauliza maneno ya mtaani asiyoyajua. Ikifika Julai 7, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, itakuwa vizuri waketi pamoja na kuandika kitu kwa lugha hiyo.

Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lakini lugha haikai katika katiba. Hukaa mezani na jikoni, na mgeni anayeitafuta huko ataona upesi kama ipo au haipo.

Mgeni ambaye ni damu yako

Si kila anayekuja ni mzungu. Wengine ni Wamarekani weusi. Wengine, na hapa ndipo tunapoguswa sote, ni watoto wa ndugu zetu walioondoka miaka ya tisini na baadaye kwenda Dallas, Boston au Minnesota. Wazazi walifanya kazi mbili mchana na usiku, na nyumbani walisema Kiingereza ili watoto wasibaki nyuma shuleni. Watoto hawakubaki nyuma. Wamefika chuo kikuu, na huko wanalipa karo kufundishwa lugha ambayo mama na baba walikuwa nayo kinywani bure.

Mtoto kama huyu akija kwenu mwezi wa Juni, hatafuti cheti tu. Anataka kuketi na nyanya yake bila mkalimani. Usimhukumu kwa kusema, "Wewe ni Mkenya gani usiyejua Kiswahili?" Hakuchagua. Aliyechagua ni sisi, na hata walio Nairobi na hawajapanda ndege wanaendelea kuchagua hivyo kila siku, kwa Kiswahili, Kikamba, Kiluo na Kikuyu vile vile. Mtoto wa Lavington asiyeweza kuongea na nyanya yake Machakos amesafiri mbali kama yule wa Dallas.

Dawa haingoji wiki nane. Kama una mpwa ughaibuni, mpigie simu Jumapili mkazungumze dakika kumi kwa Kiswahili au lugha ya kwenu, hata akijibu kwa neno moja moja. Mwulize amekula nini. Wiki inayofuata mwulize nani alipika. Akija likizo, mpeleke mashambani mapema na mwache huko siku nyingi, asibaki mjini kwa binamu wanaotaka kujaribu Kiingereza chao cha Marekani.

Mwanafunzi akikosa kujifunza mwaka huu, vyuo vitafunga tena mwaka ujao naye anaweza kuja. Nyanya wa miaka themanini na tano hana likizo nyingi za kungojea.