Michi Miwili, Kinu Kimoja: Muda wa Kimya Katika Inveta za Mafundi Wetu

Katika vibanda vya mafundi wa redio vilivyo kando ya Barabara ya Kilwa, huko Mtoni, inveta ni kifaa kilichozaliwa na shida. Ukame ulipopunguza maji ya bwawa la Mtera mwaka 2006, umeme ulitolewa kwa mgawo; na mwishoni mwa mwaka 2023 mgawo ulirudi tena. Misimu ya namna hiyo iliwafundisha vijana wengi kuugeuza umeme wa betri ya gari, wenye volti 12, uwe umeme wa volti 230 utumikao majumbani.

Kijana mmoja wa mtaa huo alinijia siku moja akiwa na transista sita zilizoungua. "Shikamoo, mwalimu," aliniamkia, kisha akanimwagia transista zake mezani. "Transista za siku hizi zote ni bandia." Inveta yake ya kwanza, yenye transfoma nzito ya chuma, ilikuwa imefanya kazi mwaka mzima. Ndipo akaunda ya pili, nyepesi, kwa transfoma ndogo ya feraiti aliyoing'oa katika kompyuta mbovu. Mchoro ulikuwa ule ule na transista za aina ile ile. Ila masafa aliyapandisha kutoka hezi 50 hadi kilohezi 50. Transista ziliungua hata kabla hajaunganisha taa, na akiba yake ikateketea pamoja nazo.

Ili tulielewe kosa lake, na tuwatazame watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Mchi mmoja ukishuka, wa pili huwa juu. Kazi huenda haraka, lakini kwa sharti moja: mchi wa kwanza uwe umekwisha kutoka kinuni kabla wa pili haujaingia. Wakikosa kupishana, michi hugongana.

Saketi ya kusukuma na kuvuta ndivyo ilivyo. Transista mbili hupeleka mkondo kwa zamu katika nusu mbili za koili ya transfoma. Transista ya kwanza huusukuma usumaku upande huu, na ya pili huuvuta upande ule. Zote mbili zikiwa wazi kwa wakati mmoja, nguvu zao hupingana na kufutana. Koili hugeuka kuwa kama kipande cha waya mtupu, na betri humwaga mkondo mkubwa mno kupitia transista zenyewe.

Chipu aliyoitumia kijana wetu hubadilisha ishara zake mbili papo hapo: hii inapowaka, ile inazimika. Lakini transista haifungi papo hapo. Lango lake huhifadhi chaji, na chaji hiyo huhitaji muda ili itoke. Tuchukulie kwamba transista mbili hukutana zikiwa wazi kwa maikrosekunde 1. Katika hezi 50, zamu ya kila transista ni maikrosekunde 10,000. Kosa hilo ni sehemu moja katika elfu kumi, na inveta huweza kulivumilia. Katika kilohezi 50, zamu ni maikrosekunde 10 tu. Kosa lile lile limekuwa sehemu moja katika kumi! Transista hazikuwa bandia. Zilinyimwa nafasi ya kupishana.

Dawa yake ni muda mfu, yaani kimya kifupi ambamo transista zote mbili zimefungwa. Katika chipu ya SG3525, muda huo hupangwa kwa rezista iliyo kati ya mguu wa 5 na wa 7. Kwa kapasita ya nanofaradi 1, rezista ya omu 470 hutoa kimya cha maikrosekunde 1.4 hivi. Katika chipu ya TL494, kazi hiyo hufanywa kwa volteji ya mguu wa 4. Hata hivyo, fundi asipitilize: kimya kirefu mno hupunguza nguvu inayofika kwenye mzigo.

Hapa yafaa kutofautisha muda mfu na uwiano wa kazi. Uwiano wa kazi ni sehemu ya mzunguko mzima ambayo transista moja huwa wazi. Muda mfu hulinda transista; uwiano wa kazi hutawala volteji. Tuirudie inveta ya hezi 50, ambayo mzunguko wake ni milisekunde 20. Ikiwa kilele cha volteji ni 325, kila transista ikifanya kazi kwa milisekunde 5 na kufuatiwa na kimya cha milisekunde 5, mzigo hupata volti 230 za wastani wa nguvu. Betri ikishuka kutoka volti 13 hadi 11, kilele hushuka hadi 275; basi kila pigo lirefushwe hadi milisekunde 7. Mapigo ya pande mbili sharti yawe sawa, ama sivyo usumaku huegemea upande mmoja na transista hupata joto.

Asiye na osiloskopu afanye jaribio hili: kabla ya kuweka mzigo, aunganishe taa ya breki ya gari, ya wati 21, katika waya utokao kwenye betri. Taa ikiwaka sana, huenda michi inagongana, na ni taa iliyobeba adhabu badala ya transista. Asisahau kwamba volti 325 huua, na kwamba kapasita huendelea kuhifadhi umeme baada ya betri kuondolewa.

Kijana wetu alibadilisha chipu, akaweka rezista, akaunganisha taa ya breki. Tulisimama kimya tukiitazama. Haikuwaka. Ndipo alipoiondoa, akaunganisha mzigo, na kibanda kikaangaza.