"Faili haipo": ni faili ipi?

Mwanafunzi mwenzetu alirudi kutoka Sandoa na saa kadhaa za hadithi za Kiruund alizorekodi kwa wazee. Programu ya zamani ya kuandikia maneno ya sauti, aliyopewa kwenye flashi, ilikataa kufunguka. Kompyuta ilijibu: "Aucun fichier ou dossier de ce type", yaani hakuna faili wala folda ya namna hiyo. Lakini faili aliiona kwa macho yake. Alikaribia kufuta Linux yote, pamoja na rekodi ambazo hakuwa na nakala zake.

Sisi wa lugha tuulize kama darasani: sentensi hiyo inazungumzia nini? Kisichokuwepo si programu yenyewe. Programu nyingi huazima kazi kutoka maktaba za pamoja, yaani mafaili ambayo majina yake huwa na .so. Kinachozitafuta ni kipakiaji. Programu ya biti 32 hukitaka kile kilichoko /lib/ld-linux.so.2. Kwenye mashine ya biti 64 mara nyingi hakijawekwa, na hicho ndicho kinachosemwa "hakipo".

Tangu Debian 7, ya mwaka 2013, maktaba za kila aina ya prosesa zina folda yake: /usr/lib/x86_64-linux-gnu kwa biti 64, /usr/lib/i386-linux-gnu kwa biti 32. Maktaba mbili zinaweza kuwa na jina moja, lakini moja haishiki nafasi ya nyingine, kama maneno ya lugha mbili yanayofanana kwa umbo na kuachana kwa maana. Ndiyo sababu kuelekeza LD_LIBRARY_PATH kwenye folda ya biti 64 hakukumsaidia.

Njia iliyomsaidia ni hii. Kwanza, nakili rekodi zako mahali pengine. Pili, andika file na jina la programu. Utaambiwa ni ya biti ngapi. Tatu, ikiwa ni 32, andika:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install libc6:i386

Nne, andika ldd na jina la programu. Kila mstari wenye "not found" unataja maktaba inayokosekana. Weka pakiti yake, ukimalizia jina kwa :i386.

Jioni ile hadithi ya kwanza ilianza kuandikwa. Kompyuta haikuwa imedanganya. Ilikuwa imeacha kutaja mtendwa.